Vipimo vya Shule, Mtaa wa Kinu

Jumatatu, manyunyu, baridi ya kuuma meno.
Nimepewa funguo tisa; unaofungua ni mmoja.
Kazi yangu ni kulipima jengo kabla hawajaligawa
liwe nyumba kumi na nne za kupanga,
kila moja na jiko lake jeupe.

Naanzia nje, kama tabibu anayeanza na ulimi.
Matofali mekundu, wekundu wa ini,
yaliyochomwa maili mbili kutoka hapa
katika shimo ambalo siku hizi ni ziwa la bata.
Paa la mawe ya Wales, mteremko wake mkali kama wa kanisa,
na kileleni kijumba cha kengele.
Kengele haimo. Iliyeyushwa wakati wa vita,
au iliibwa, au iko kwenye baa pale kona:
kila ninayemuuliza ana kengele yake.

Milango mitatu. Juu ya kila mmoja
mwashi amechonga neno kwenye jiwe la manjano:
WAVULANA. WASICHANA. WADOGO.
Herufi za wavulana zimezama inchi nzima,
za wasichana robo tatu.
Nimepima mara mbili. Huenda patasi ilichoka.

Ndani, kizingiti kimelika katikati kama mwiko wa zamani.
Vigae vya kijani mpaka usawa wa bega la mtoto,
kisha vya rangi ya maziwa, ili uchafu usipate pa kujificha.
Vigingi vya makoti viko chini mno;
nilipotundika langu, pindo likalala sakafuni.
Juu, kenchi za msonobari, nyeusi kwa masizi,
zimeshikana mikono kama wacheza ngoma
waliosahau kuachiana.

Madirisha ni marefu, futi kumi na moja,
matao yamechongoka, yanameza nuru yote ya kaskazini,
lakini yanaanzia futi sita kutoka sakafuni.
Si kosa. Msanifu, Bwana Septimus Hargreave,
aliandika kwa wino pembeni mwa mchoro wa 1876:
“Nuru iingie; macho yasitoke.”
Nimepanda kiti. Kupitia kioo nikaona walichonyimwa:
ubavu wa kinu, dohani, kipande cha kilima,
kondoo watatu.
Si kitu kikubwa. Ndiyo maana kinaniuma.

Bibi yangu Winifred alisoma hapa.
Alisimulia wino ulioganda kidauni,
na Bi Ollerenshaw, msichana wa miaka kumi na sita
aliyefundisha watoto sitini kwa sauti ya kukwaruza.
Na alisimulia ukuta.

Ukuta uko uani, unene inchi tisa, kimo futi saba,
umejengwa ili michezo ya kike na ya kiume isikutane.
Kaka yake Alfie alikuwa upande wa pili.
“Tulikuwa tunapeana mkate,” alisema.
Nilidhani ni uzee unaosema.

Saa tisa alasiri, giza limeshaanza kutanda.
Safu ya tano kutoka chini, karibu na vyoo,
napapasa. Tofali moja halina chokaa.
Linatoka kama droo.
Nyuma yake jingine, nalo linatoka.
Nachungulia uwanja wa wavulana:
pipa la takataka, dimbwi, mvua.
Hamna kilichofichwa humo. Nimetafuta. Hata gololi.
Ila tofali lenyewe limelainika pembe zote,
limeng'arishwa na vidole kuliko kitasa cha lango kuu.

Kwenye mchoro, ukuta ni mistari miwili sambamba.
Ipo alama ya mlango, ya dirisha, ya bomba, ya ufa.
Ya hili haipo.
Na ukuta wenyewe utavunjwa, Gareth wa kampuni ameniambia,
magari yapate pa kulala.

Nimerudisha tofali la wavulana.
La wasichana limo mkobani, zito,
linachafua karatasi zangu kwa vumbi jekundu,
na kesho, kwa mwandiko wa kitaalamu, nitajaza:
tundu moja.
Upana, inchi tisa. Kimo, tatu.
Matumizi: mkate.